Pakiti Moja, Vichwa Viwili: Chai ya Kichina na Ugonjwa wa Kipanda Uso

Katika gulio moja la hapa kwetu, kati ya Kasulu na Kibondo, huja mchuuzi ambaye hutandika turubai lake chini ya mwembe. Juu ya turubai hilo hupanga nyembe, betri, dawa za mende, na pakiti nyekundu zilizoandikwa herufi za Kichina. Ukimwuliza hizo pakiti ni za nini, hukujibu bila kusita: "Hiyo ni chai ya kichwa. Chemsha, kunywa, sahau."

Mwaka jana, wakati wa palizi ya mahindi, wanawake wawili majirani walichanga fedha wakanunua pakiti moja. Wa kwanza ni mama wa watoto wanne, mwenye umri wa miaka 30 na kitu, ambaye ameumwa kichwa tangu usichana wake. Wa pili ni binti wa miaka 19, mwenye mimba yake ya kwanza, ambayo wakati huo ilikuwa imefika miezi minane. Waligawana yale majani kwa kijiko, kama majirani wanavyogawana chumvi, na kila mmoja akaenda kuchemsha jikoni kwake. Wote wawili walikuwa wanaumwa kichwa kweli. Lakini ugonjwa wa huyu haukuwa ugonjwa wa yule, na hilo ndilo somo letu la leo.

Tuanze na mama wa kwanza. Mara mbili au tatu kwa mwezi, hasa siku zake zinapokaribia, upande mmoja wa kichwa chake huanza kupwita kama kwamba moyo umehamia huko. Hupata kichefuchefu, pengine hutapika. Mwanga wa jua humchoma machoni na sauti za watoto humpigia kichwani kama nyundo. Akiinama kuchukua jembe maumivu huzidi. Basi hujifunga kanga kichwani, hulala katika chumba chenye giza, na kesho yake au keshokutwa huamka mzima kabisa, akachukua jembe lake. Aliniambia pia kwamba mara nyingine, kabla ya maumivu kuanza, huona vimulimuli na mistari yenye meno kama ya msumeno. Vitu hivyo humchezea machoni kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hutoweka.

Ugonjwa huu Waswahili wameuita kipanda uso tangu zamani. Madaktari huuita migreni. Usipotibiwa, kila shambulio kwa mtu mzima huchukua saa 4 hadi saa 72. Duniani inakadiriwa kwamba mtu 1 katika kila watu 7 anao, na wanawake wanaougua ni wengi kuliko wanaume, karibu mara mbili au tatu. Hapa nchini, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika eneo la Haydom, wilayani Mbulu, walikuta kiasi cha watu 4 au 5 katika kila 100. Ukichukua kiwango hicho, kijiji chenye watu 2,000 kina wagonjwa 80 hadi 100. Wengi wao hawajawahi kufika zahanati kwa ajili ya kichwa, kwa sababu wameambiwa ni kichwa tu.

Kipanda uso si mdudu aliyeingia kichwani, wala si damu chafu inayotaka kutolewa. Ni ubongo wa mtu fulani, aghalabu aliyerithi hali hiyo kwa wazazi, kuwa mwepesi wa kushtuka. Ukishtushwa, mishipa ya fahamu inayohudumia uso na kichwa hutoa kemikali zinazoleta maumivu. Kwa hiyo, kuchanja chale kwenye paji la uso hakufiki mahali penye tatizo. Isitoshe, wembe uliotumiwa na watu watatu waweza kuacha pepopunda au virusi vya UKIMWI, na hapo umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Sasa turudi kwenye ile pakiti. Mama yule aliniletea, maana nilimwomba. Mimi Kichina sikijui, lakini nyuma yake palikuwa na majina yaliyoandikwa kwa herufi zetu, na mfamasia wa wilaya alinisaidia kuyafuatilia. Tulikuta kwamba ni mchanganyiko wa siku nyingi sana. Kwa Kichina huitwa chuanxiong chatiao, na uliandikwa katika kitabu cha dawa cha serikali ya Uchina wakati wa ukoo wa Song, kiasi cha miaka 900 iliyopita. Una mimea minane inayosagwa kuwa unga, na unga huo hunywewa kwa chai. Mmea mkuu, chuanxiong, ni shina la ardhini la mmea wa jamii moja na karoti na giligilani. Ndani yake mna nanaa, mna mzizi mtamu uitwao gancao, na mna mmea mmoja uitwao xixin, ambao nitausema baadaye.

Je, unatibu? Hilo ndilo swali ambalo kila mtu huniuliza. Jibu langu si ndiyo wala hapana. Huko Uchina mmea wa chuanxiong umejaribiwa kwa wagonjwa wa kipanda uso mara nyingi, na majaribio mengi yalisema wagonjwa walipata nafuu. Lakini waliokaa wakayapitia majaribio hayo walikuta kwamba mengi yalikuwa madogo na hayakufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Kwa mfano, mgonjwa na daktari wote walijua ni nani anayepewa dawa na nani hapewi. Mtu akijua kwamba amepewa dawa, hata kabla haijafika tumboni hujisikia afadhali. Kwa hiyo chai hii yaweza kuwa na msaada, lakini bado haijathibitishwa kama dawa zilizoko zahanati zilivyothibitishwa.

Mama wa kwanza alisisitiza kwamba yeye ilimsaidia, nami sikumbishia. Zipo sababu kadhaa za kumfanya apate nafuu. Majani ya chai yana kafeini, na kafeini kidogo husaidia kichwa, hata viwanda vya dawa huichanganya katika baadhi ya vidonge vya maumivu. Tena aliinywa ikiwa na sukari, na siku hiyo alikuwa amelima tangu alfajiri bila kula wala kunywa maji. Halafu alilala gizani. Na zaidi ya yote, kipanda uso hukoma chenyewe. Ukinywa kikombe saa chache kabla ya ugonjwa kuondoka, kikombe ndicho kitakachopata sifa.

Pengine utasema, basi ina ubaya gani, na aendelee kunywa. Kwa kikombe kimoja kimoja, kwa mama huyu ambaye presha yake ni nzuri na hana mimba, sina ugomvi mkubwa nacho. Lakini mzizi wa gancao, ukinywewa kwa wingi na kwa siku nyingi, hupandisha presha ya damu na kupunguza madini ya potasi mwilini. Chuanxiong wenyewe Wachina huwatahadharisha nao wajawazito. Na ule xixin ni wa jamii ya mimea yenye asidi inayoharibu figo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa majani ya Kichina katika kliniki, na ndani yake mkawa umeingia mmea wa jamii hiyo badala ya mwingine. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo. Baadhi yao iliwabidi kuwekewa figo za watu wengine, na baadhi baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Walidhani kwamba kwa kuwa ni majani tu, hayadhuru.

Ndugu msomaji, usije ukafikiri kwamba nawadharau Wachina na dawa zao. Madaktari wa Kichina wametibu watu Zanzibar tangu 1964 na huku bara tangu 1968. Zaidi ya hayo, dawa ya Kichina iko ndani ya kabati la zahanati yako, nawe umeimeza. Dawa mseto ya malaria, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia mwishoni mwa 2006, ina kitu kinachotokana na jani la Kichina liitwalo qinghao.

Habari ya jani hilo inafaa kusimuliwa. Mwaka 1967 serikali ya Uchina iliwakusanya wataalamu watafute dawa mpya ya malaria. Mmoja wao, mama Tu Youyou, alisoma vitabu vya waganga wa kale. Walipochemsha qinghao kama chai, dawa ilifanya kazi leo na kesho haikufanya. Kisha akaona katika kitabu cha mganga Ge Hong, aliyeishi miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, kwamba jani hilo liloweshwe katika maji na kukamuliwa. Kuchemsha hakukutajwa. Akatambua kwamba huenda moto ndio unaoua dawa. Mwaka 1971 aliitoa dawa hiyo kwa kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, nayo ikafanya kazi kila mara. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Leo mtu mzima hupewa vidonge 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 3, jumla 24, na kila kimoja kina miligramu 20 za dawa hiyo pamoja na miligramu 120 za dawa ya pili. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ya jani lile lile, kwa sababu kikombe hakina kipimo. Jani ni moja, lakini kati ya jani na kidonge kuna miaka ya watu kuketi wakipima: kiasi gani, kwa nani, kwa siku ngapi. Chai ya mchuuzi wetu haijapita njia hiyo. Mchuuzi hakumwuliza yule binti hata mimba yake ni ya miezi mingapi.

Naye binti huyo ndiye mama wa pili, na hapa nitawaeleza kosa langu mwenyewe.

Alikuja zahanati siku moja ya gulio, wagonjwa wakiwa wamejaa hadi nje. Akasema, "Daktari, kichwa." Nikampima malaria, hakuwa nayo. Kipimo cha presha kilikuwa kimekwisha betri tangu asubuhi, na betri zilikuwa zinauzwa hatua mia moja tu kutoka nilipokaa. Sikwenda kuzinunua. Nilimpa vidonge vya maumivu nikamwambia apumzike. Hakurudi. Kwa siku tisa alikunywa chai ya pakiti nyekundu, asubuhi na jioni, kwa kuwa jirani alimwambia inasaidia.

Siku ya kumi aliletwa kwa pikipiki, katikati ya dereva na mama mkwe. Uso ulikuwa umevimba, macho yanaona ukungu, na alikuwa anashika sehemu ya juu ya tumbo chini ya mbavu. Safari hii nilipima. Presha ilikuwa 170 kwa 115. Mkojo wake ulionyesha protini nyingi. Mama mkwe alinitazama akasema, "Mwanangu, sisi tulidhani ni kipanda uso kama cha jirani."

Kabla sijamjibu, binti akakakamaa akaanza kutetemeka mwili mzima. Hicho ndicho kifafa cha mimba. Tulimlaza ubavu, muuguzi akamdunga sindano ya magnesiamu salfeti, tukapiga simu ya gari la wagonjwa, nami nikasafiri naye hadi hospitali ya wilaya nikiwa nimeshika mkono wake na kuhesabu pumzi zake. Huko walimzalisha usiku ule ule. Mtoto alikuwa na kilo 2 na kitu. Wote wawili wako hai, na mtoto sasa anatambaa. Nawaambia kweli, haikuwa kwa busara yangu. Tangu siku hiyo betri za akiba hukaa katika mfuko wa koti langu.

Je, chai ndiyo iliyompandisha presha? Sidhani kwamba ilikuwa chanzo, maana ugonjwa ule hutokea kwa wanawake ambao hawajawahi kuona chai ya Kichina. Pengine ule mzizi mtamu uliongeza, pengine haukuongeza. Kilichomponza zaidi ni zile siku tisa. Chai ilimpa sababu ya kungoja, nami nilikuwa nimeshampa sababu ya kwanza.

Sasa utajuaje kichwa chako ni cha aina gani?

Kipanda uso kina tabia zake. Huja na kuondoka, na kati ya shambulio na shambulio mtu huwa mzima kabisa. Hufanana na cha mwezi uliopita na cha mwaka juzi. Mara nyingi kuna ndugu katika ukoo mwenye kichwa kama hicho. Kichwa kilichoanza jana kwa mtu ambaye hakuwa na desturi ya kuumwa, usikiite kipanda uso mpaka kimeangaliwa.

Mwenye homa kwanza apimwe malaria, kwa kuwa mkoa wetu wa Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi. Kipimo ni tone la damu na dakika kama 15 hadi 20. Homa pamoja na shingo iliyokakamaa, hata kidevu hakiwezi kugusa kifua, yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Hiyo haingoji kesho. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kichwa chake kinazidi siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, asitosheke na vidonge vya dukani. Yuko fangasi anayeingia katika utando wa ubongo, na dawa yake ipo hospitali.

Warina asali, wapasua mbao na wote wanaolala siku nyingi katika mapori ya Kibondo na Moyowosi, ninyi mna jambo moja la ziada. Mbung'o wa huko wamejulikana tangu zamani kwa kuleta malale. Wagonjwa siku hizi ni wachache sana, na kwa sababu hiyo hata sisi waganga twaweza kusahau kuuliza. Kwa hiyo ukirudi porini ukapata homa na kichwa visivyosikia dawa ya malaria, hasa kama kulitokea jipu mahali ulipoumwa na mbung'o, tuambie wewe mwenyewe, "Nilikuwa porini." Maneno hayo yatafanya damu yako iangaliwe kwa darubini.

Kichwa kinachopasuka ghafla kama radi, kwa ukali ambao hujawahi kuujua, ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo kichwa kinachofuatana na kupooza upande mmoja, mdomo kwenda upande, kushindwa kusema au kuanguka kifafa. Vivyo hivyo kichwa baada ya kuanguka mtini au kwenye pikipiki. Na mtu aliyevuka miaka 50 akaanza kuumwa kichwa kwa mara ya kwanza maishani, aje apimwe.

Kwa wajawazito nitarudia hata wakichoka kunisikia. Mimba ikiisha kuvuka miezi mitano, kichwa kikali ni presha mpaka kipimo kiseme sivyo. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi ni ya kushughulikiwa, na ya 160 kwa 110 ni ya hatari siku hiyo hiyo. Hali hii yaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua, hadi wiki ya 6. Ukija zahanati ukapewa vidonge vya kichwa bila kupimwa presha, usiondoke. Sema, "Daktari, naomba unipime presha." Kama betri zimekwisha, mwambie akanunue. Mimi ndimi ninayewaambia hivyo.

Tuseme sasa umekwisha pimwa, na ni kipanda uso kweli. Dawa yake ya kwanza ni ya bei ndogo, ila watu huimeza wakiwa wamechelewa. Wengi husubiri mpaka kichwa kimepamba moto na tumbo limeanza kukataa. Meza mapema, mara unapotambua kwamba ndicho. Mtu mzima humeza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500, au ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya kula kitu. Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, wala mjamzito, hasa mimba ikiwa kubwa. Watoto wasipewe aspirini. Kunywa maji, kula hata uji, lala mahali penye giza na utulivu. Ukitaka kunywa kikombe cha chai ya kawaida pamoja na kidonge, kunywa, wala sitakucheka, maana hata mimi hufanya hivyo.

Lakini usimeze dawa za maumivu zaidi ya siku mbili kwa wiki. Kichwa kinachopewa vidonge kila siku hujifunza kuuma kila siku. Mtu hupata kichwa kwa sababu ya dawa ya kichwa, akameza tena, na mzunguko ukaendelea. Kafeini nayo ina tabia hiyo hiyo: anayekunywa chai kali vikombe vingi kila siku, siku akikosa majani, kichwa humwuma. Nimewaona kadhaa walioacha pole pole, na baada ya wiki chache vichwa vikapungua vyenyewe.

Aidha, jifunze kinachomshtua kipanda uso wako. Kwa watu wetu wa vijijini, ninaowaona mimi, mkubwa wao ni njaa. Mtu ameondoka alfajiri kwenda shambani, amelima hadi saa nane mchana juani, na alichokula ni jana. Wengine ni kukosa usingizi, moshi wa jikoni lisilo na dirisha, kukaribia kwa hedhi, na mawazo. Chukua daftari la mtoto lililokwisha, andika kila siku kichwa kinapouma: tarehe, saa, ulikula nini, ulilala saa ngapi, upo siku gani ya mwezi. Asiyejua kuandika achore alama ukutani kwa mkaa. Mama wa kwanza alifanya hivyo kwa miezi miwili, akagundua kwamba vichwa vingi vilimjia siku alizokwenda shamba la mbali bila kubeba chochote. Sasa hubeba viazi vya kuchemsha na kidumu cha maji. Bado huumwa, lakini alama za ukutani zimepungua karibu nusu.

Kama mashambulio yanakuja mara nne au zaidi kwa mwezi na yanakuangusha, uliza kituo cha afya au hospitali kuhusu dawa za kuzuia. Zipo, kama propranolo na amitriptilini. Hizi humezwa kila siku, hata siku ambazo huumwi, na si za kujinunulia mwenyewe: propranolo, kwa mfano, yaweza kumziba pumzi mwenye pumu. Na akina mama mnaoona vile vimulimuli kabla ya kichwa, mwambieni muuguzi wa uzazi wa mpango. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili havifai kwenu, kwani huongeza hatari ya kiharusi. Zipo njia nyingine nyingi za kuchagua.

Kuhusu pakiti za gulioni, ombi langu ni dogo. Usiitupe pakiti. Ukija zahanati, ije nayo, iwe ya Kichina, iwe chupa ya mganga wa kienyeji, au majani uliyopewa na bibi yako. Hatutakugombeza. Tangu 2002 nchi yetu ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na waganga hao wana baraza linalowasajili. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuficha chupa chini ya kanga. Tunataka kujua umekunywa nini ili tusikupe dawa itakayogombana nacho. Mwenye mimba, mwenye presha, mwenye ugonjwa wa figo, na mama anayenyonyesha wasiinywe chai hii kabisa. Na kama ndani ya pakiti mna vidonge visivyo na jina, usivimeze hata kama umelipia.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Katika kitongoji chenu, ni nani mwenye kichwa kinachokuja na kuondoka miaka mingi? Je, amewahi kupimwa presha? Mkubaliane nani atamsindikiza, na siku gani.

2. Mjamzito akiumwa kichwa usiku, pikipiki ya nani itampeleka, na namba ya simu ya zahanati imeandikwa wapi?

3. Kila mwanadarasa ahesabu siku alizomeza dawa za maumivu mwezi uliopita. Aliyezidi 8 aje tuzungumze naye zahanati, siku yoyote isipokuwa ya gulio.

4. Wanadarasa wanaolala porini kwa ajili ya asali au mbao wawaeleze wenzao mbung'o anaonekanaje na anauma saa ngapi. Hilo wanalijua kuliko mimi.